Madirisha Yapishane

Nyumba yetu ya Hayes, London, ni chumba kimoja, na karibu kila kitu ndani yake hukunjwa. Ukitaka meza, kunja sofa. Ukitaka kupiga pasi, kunja meza. Mume wangu Allan husema tunaishi ndani ya mwavuli. Kisichokunjwa ni kitanda cha Emma tu, binti yetu wa miaka minne, kwa sababu usingizi wake hauna ratiba.

Mtindo huo wa nyumbani ndio ulionipa wazo la jaribio langu kazini, na nusura uniharibie.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mchuzi wa ukwaju, upande wa kufunga chupa. Naondoka alfajiri Emma bado amelala, na nywele zake husukwa na baba yake, anayejua msuko mmoja tu, nao si mzuri. Lakini jioni nimekuwa nikisoma kozi ya mitambo chuoni. Nafasi ilipotokea katika chumba cha kompyuta zinazoongoza matangi, nikaomba. Huko kazi huanza saa tatu asubuhi, mtoto ameshaamka.

Fundi mkuu ni Uncle Kishor, Mhindi wa Nakuru. Yeye alihamia London, Kiswahili chake hakikuhama. Alinikalisha mbele ya kompyuta ya majaribio, isiyounganishwa na tangi lolote.

"Mama Emma, ona hii balaa. Nikifungua tangi, dirisha linakuja. Nikifungua pampu, lingine juu yake. Nikitafuta joto, la tatu juu ya hayo. Kufika saa ya chai sijui niko wapi, na pa kufungia sipaoni. Nipangie nisipotee, kazi ni yako."

Nikapanga kama nyumbani. Dirisha jipya likifunguka, lililokuwapo linajifunga. Chini nikaweka safu ya vitufe: matangi, pampu, joto. Kwenye kona, picha ya kijumba cha kukurudisha ulikoanzia.

Siku ya jaribio Kishor alikaa, akabonyeza huku na huku.

"Safi. Hata mama yangu angeweza, na yeye simu anaishika kama samaki."

Kisha akaigiza hitilafu: tangi la pili limepata joto kupita kiasi. Juu ya skrini ukatokea mstari mwekundu wa onyo. Kishor akabonyeza kitufe cha pampu. Dirisha likabadilika vizuri kabisa, na mstari mwekundu ukaondoka nalo.

"Mama Emma, onyo limeenda wapi?"

Nilikuwa nimeliagiza lipishe kama madirisha mengine.

"Limekunjwa, uncle."

"Limekunjwa? Tangi langu linachemka na wewe unakunja?" Alicheka, lakini alisimama. "Naenda kutafuta chai. Nikirudi nataka kuliona."

Nilibaki nikitazama skrini ile, nikiona kichwa cha Emma na msuko wa baba yake. Hapo nikakumbuka kitanda. Sisi humzunguka yule mtoto tukiwa na pasi mkononi, na sufuria, na mabegi, wala hakuna anayefikiria kumkunja. Nikaitenga sehemu ya juu ya skrini, nikaipa onyo peke yake. Madirisha mengine yote yapishane chini yake.

Kishor alirudi na vikombe viwili. Akaigiza hitilafu ileile, akafungua pampu, akafungua joto, akarudi kijumbani. Mstari mwekundu ukabaki palepale. Akajaribu kuburuta dirisha alifunike onyo. Dirisha likagoma.

"Hili halitoki?"

"Mpaka ukiri umeliona na tangi lipoe. Hicho ni kitanda cha mtoto, uncle."

Akanitazama. Ikabidi nimweleze nyumba nzima, sofa, meza, pasi, mpaka chai ikamwagika kwenye shati lake kwa kicheko.

"Jumatatu, saa tatu," alisema akijipangusa. "Na usichelewe, mimi nimechoka kupotea."

Jumatatu Emma alifumbua macho akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, kitana mkononi. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama leo ni Jumamosi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Geuza kichwa."