Gari la Wardell Linajifunza

Wardell Haugen, daktari wa meno mstaafu wa mji wa Fresno, Marekani, alitoa pesa zake mwenyewe apate heshima ya kulifundisha gari lake kujiendesha. Kampuni iliyolitengeneza ilisema programu ya kujiendesha ni ya majaribio tu. Lori la takataka, kwa bahati mbaya, lilikuwa la kweli.

Kila asubuhi, kwenye njia panda ya duka la donati, gari lilikata kushoto na kulifuata lori hilo uso kwa uso. Kila asubuhi Wardell alinyakua usukani, kisha gari likamwomba, kwa adabu zote, awaeleze mafundi wa kampuni kwa nini ameliingilia. Naye akajieleza kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Linajifunza, mpenzi," alimwambia mkewe, Noreen, aliyekuwa ameng'ang'ania mlango.

Katika mwezi wa tatu wa mafunzo likaja toleo jipya la programu. Walipolikaribia duka, mikono ya Wardell ilishika usukani yenyewe kwa mazoea, ikapunguza mwendo, ikakata kona bila wasiwasi.

"Umeona?" akashangilia. "Leo halijakosea!"

Gari likamwomba tena awaeleze mafundi kwa nini ameliingilia. Noreen akawahi kujibu:

"Hongereni, mafundi. Miezi mitatu tu, na mume wangu ameshajua kukata kona."