Kibao Chekundu

Mlango wa nyumba ya ubao wa matokeo ulisukumwa kwa bega, na mwanamume mwenye koti jeupe akaanguka ndani kifudifudi, juu ya vibao vya namba. Asubuhi koti lile lilikuwa safi. Sasa lilikuwa limelowa damu kuanzia kola hadi mfukoni, na mdomo wake ulikuwa umepasuka vibaya hata maneno yalitoka nusunusu.

"Funga," alisema. "Dada yangu, funga."

Mtundika namba alifunga, akasukuma komeo la chuma. Alikuwa hajawahi kuzungumza na mwamuzi, wa leo wala wa mechi yoyote. Wao walijuana kwa mbali tu. Mwamuzi akiinua mkono katikati ya uwanja, yeye huku juu, kwenye dirisha la ubao, hupunga kitambaa cheupe, maana yake nimeona, endelea. Leo mwamuzi aliinua kidole, ishara kwamba mpigaji ametolewa, akageuka kuutazama ubao, akangoja. Kitambaa hakikupungwa.

Aliyetolewa alikuwa mdogo wake.

Alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Alimtengenezea gongo la kwanza la kriketi kutokana na mguu wa kitanda kibovu. Leo alikuwa mpigaji wa mwisho, timu ikibakiza mikimbio michache tu kushinda, na wateuzi wa timu ya taifa wameketi kwenye jengo la wanachama na miwani yao myeusi. Mpira ulidunda, ukampiga mguuni mbele kabisa ya vigingi, na kwa sheria anayekinga vigingi kwa mguu ametoka. Hata kipofu angesikia. Kidole kikapanda, na mkono wa dada mtu ukaganda, kitambaa kikabaki begani. Mdogo wake naye akautazama ubao. Kuona kitambaa hakipungwi, akasimama palepale na kutikisa kichwa, akikataa kutoka. Hapo ndipo jukwaa la juani lilipoona kuna mwanya, likaruka uzio na kumwagika uwanjani kama mchele kutoka gunia lililotoboka.

"Hukuniona?" aliuliza mwamuzi. Alikuwa amekaa sasa, anajigusa meno kwa kidole kuona yapi yamebaki.

"Nilikuona."

Mwamuzi alijipangusa damu kidevuni. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Mtundika namba alichungulia kwenye tundu la ubao. Vyumba vya kuvalia vilikuwa vimezingirwa. Watu walikuwa wameng'oa nguzo za nyavu za mazoezi na kuzifanya marungu. Pazia jeupe, lile refu linalosimama nyuma ya mrushaji mpira, lilikuwa linawaka moto. Mlinzi mmoja wa getini alilala kwenye nyasi, mkono umepinda kinyume, na watu wanamruka bila kumtazama. Wachezaji wa timu ngeni walikuwa wamejifungia ndani. Kila mlango ulipopigwa, vioo vya juu vilidondoka, na kutoka ndani sauti moja ya kijana ililia kwa kwikwi.

Uwanja ule ulianzishwa na makarani wa reli, ukiwa kiwanja cha vumbi na kibanda cha kuwekea chai. Baadaye likaja jukwaa la mbao, kisha jengo la wanachama lenye roshani, kisha roli kubwa la chuma la kushindilia udongo, zito hata watu sita hulivuta wakitukana. Na ubao huu. Zamani za baba yao, mtundika namba mmoja aliogopa watu akashusha kibao alichokwisha kutundika. Kila upande ukadai umeshinda. Walipigana mpaka jengo la wanachama likateketea, na mpishi wa chai akafia ndani yake. Tangu siku ile ikawekwa sheria ya pale: kibao kikishatundikwa hakishushwi, na mechi haijaisha mpaka ubao useme. Kila mpigaji akitolewa hutundikwa kibao chekundu; cha kumi, kinachofunga mechi, kisipotundikwa kabla jua halijazama, mechi hurudiwa.

Ndicho walichokuwa wanapigania kule nje. Jua tu lizame.

"Wanaamini bado kuna mechi," alisema mwamuzi. "Wakiamini hivyo, wataivunja ile milango. Kitundike."

"Nikitundika sasa watakuja hapa. Watakukuta."

"Basi nikishatoka. Niahidi."

Alikitazama kibao chekundu, kimeegemea ukutani, kikubwa kama meza ya chai. Kilikuwa na vumbi.

"Nitakitundika," alisema.

Sakafuni kulikuwa na mlango wa ngazi unaoshukia banda la roli. Mtunza nyasi, mzee ambaye wote walimwita Mjomba Roli, alikuwa chini, amekumbatia reki kama bunduki.

"Nani huyo unanishushia?"

"Mwamuzi, mjomba."

"Haya, balaa limetafuta mlango wangu." Alivuta toroli la nyasi. "Lala humu. Jikunje. Leo wewe ni majani, na majani hayakohoi."

"Meno yangu mawili yamebaki huko juu," alisema mwamuzi.

"Ukipona utaota ya dukani. Lala."

Walimfunika nyasi mbichi na turubai. Mjomba Roli akasukuma toroli kutokea mlango wa nyuma, polepole, akikohoa yeye badala ya majani, akimtukana kijana mmoja aliyemzuia njia kuwa amekosa adabu kwa wazee. Toroli likapita.

Mtundika namba akapanda tena. Jua lilikuwa linagusa paa la jukwaa. Angeweza kukaa tu. Isingejulikana kama ni kusudi. Mdogo wake angepata siku nyingine, wateuzi wale wale. Angekaa tu na kusema mkono ulikufa ganzi, maana kwa kweli ulikuwa umekufa ganzi.

Kule chini mlango wa chumba cha kuvalia ulipasuka. Kijana mmoja wa timu ngeni alivutwa nje kwa nywele, na rungu likashuka.

Akainua kibao.

"Dada." Mlango ulikuwa unagongwa. "Dada, ni mimi. Fungua."

"Nenda kawazuie wenzako."

"Fungua kwanza. Usitundike. Jua linazama hilo, kaa tu, basi. Nani amekuomba kitu kigumu?"

Hakujibu. Gongo likatua kwenye mlango, mara ya kwanza, ya pili, na komeo likang'oka. Mdogo wake aliingia na pedi zake bado miguuni, uso umevimba kwa kilio au kwa hasira, gongo lina alama nyeusi ya damu ya mtu.

"Damu ya nani hiyo?"

"Sijui. Shusha kibao."

"Mpira ulikupiga mguuni."

"Wewe ni dada yangu au ni dada yao?"

"Wewe mwenyewe uliusikia."

Mdogo wake alisogea mbele. "Nikikosa leo sina tena. Unajua sina tena. Umenilea ya nini, uje unizike mwenyewe?"

Dada mtu alipanda kidato cha kwanza cha ngazi ya ubao. Mdogo wake alipiga rafu ya vibao, namba zikamwagika kwa kelele. Dada mtu akapanda cha pili. Mdogo wake akapiga ngazi. Dada mtu alishika kulabu kwa mkono wa kushoto ili asianguke, na pigo lililofuata, sijui lilikusudiwa ngazi au kibao, likatua kwenye kifundo cha mkono ule. Wote wawili walisikia mfupa. Ulilia kama kijiti kikavu.

Gongo likaanguka. Kijana akarudi nyuma mpaka ukutani, amejishika mdomo.

"Dada. Dada, sikutaka."

"Najua," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka yenyewe. "Nishikie ngazi."

Mdogo wake hakusogea. Basi akaegemeza kifua kwenye vidato, akakiinua kibao kwa mkono mmoja na kukisukuma kwa paji la uso, ukingo wake wa chuma ukimchubua ngozi, hadi tundu lake lilipoikuta kulabu. Kikaning'inia. Chekundu, kikitazama uwanja wote.

Kelele hazikuzimika mara moja. Mtu mmoja alinyoosha kidole, kisha mwingine. Rungu moja likabaki hewani, kisha likashuka taratibu pembeni ya mguu wa mwenyewe. Kisha waliokuwa nyuma, wasiokuwa na damu mikononi, wakaanza kuelekea getini, kama watu waliokumbushwa kwamba wana makwao. Kijana wa timu ngeni alitambaa hadi ndani na wenzake wakamvuta.

Mdogo wake alikuwa amekuja bila yeye kumwona. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha.

Katikati ya uwanja hapakuwa na mwamuzi wa kuona. Hata hivyo mtundika namba alikitoa kitambaa begani kwa meno, akakishika kwa mkono mzima, akakipitisha dirishani na kukipunga.