Kete Haipigwi Leo

Wimbo ule Miraji aliutunga akiwa na miezi mitatu katika soba hausi, nyumba wanakokaa watu wanaoacha unga, nje kidogo ya mji. Gitaa alilolikuta huko lilikuwa na nyuzi nne tu. Hakukusudia kumwimbia mtu. Alitaka kupiga kelele bila ya kuulizwa ana nini. Akauita "Kete", jina la kile kipaketi kidogo cha heroini kilichomlia miaka sita ya umri wake, na ukaanza hivi: *Kete ndogo mfano wa ukucha, imemeza nyumba nzima.*

Alipotoka, alirudi kwa mama yake, Bi Mwanakheir, akapata kazi ya kutengeneza viyoyozi vya mahoteli ya Mji Mkongwe. Khairiya, waliyesoma naye, akamtafuta. Khairiya alikuwa mshonaji, na gitaa la besi alijifundisha mwenyewe kwa kutazama video. Yeye ndiye aliyemleta Mkadam, mwalimu wa kemia, bonge la mtu, aliyekuwa akipiga dramu kama anayevunja nyumba. Wakajiita Matumbawe, wakapata stoo ya kufanyia mazoezi kule Amani.

Mjini watu wamezoea taarabu na nyimbo za vijana za kuchezea. Roki ile ya magitaa kunguruma na mtu kupasua koo, wengi waliiona wazimu. Lakini "Kete" iliwaingia. Nani mjini hana ndugu, au mtoto wa jirani, aliyepotelea kwenye unga? Mwaka wa tatu tangu Miraji aache, Matumbawe haikualikwa popote bila ya kuambiwa waje na "Kete".

Wasilolijua watu ni kwamba wimbo ule ulikuwa ukimrejesha. Kila akifika ubeti wa pili, ule wa moshi wa unga juu ya karatasi ya foili, ulimi wake ulipata ule uchungu wa zamani. Mikono ikamtoka jasho. Akimaliza, watu wakipiga makofi, yeye tumbo limeshaanza kumsokota, na mwili mzima unamwambia twende. Humchukua siku mbili kutulia.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Wimbo ndio bendi. Khairiya alikuwa akiutaja kama mtoto aliyefaulu. Mama yake naye, ambaye miaka ile alikuwa akipita njia za nyuma asionane na watu, sasa alikuwa akisimama sokoni na kusema, "Huyo anayeimba ni wangu mimi."

Siku moja walipiga kwenye harusi ya rafiki yao, mchana, Miraji katokea kazini moja kwa moja, na wakaombwa "Kete" mara mbili. Miraji alipotoka pale alisema anakwenda nyumbani. Miguu ikampeleka Malindi, kichochoro kile kile, mlango ule ule. Akagonga. Alifungua mama mmoja mgeni kwake, ana unga wa ngano mikononi mpaka kwenye viwiko, akamtazama Miraji na spana zake za kazini zinazoning'inia kiunoni.

"Umekuja kwa ajili ya friji?" akauliza. "Fundi nlimwambia aje kesho."

"Nimekosea mlango, mama," Miraji akasema. "Samahani."

Akaondoka mbio. Muuza unga keshahama, basi. Angekuwa bado yumo je? Swali hilo alikwenda nalo kazini na kulala nalo kwa wiki tatu, mpaka Jumamosi ya onyesho la Ngome Kongwe.

Saa saba mchana walikuwa jukwaani wanajaribu vyombo, viwanja vitupu, jua limekaa juu ya kuta. Fundi wa spika akaomba wapige kitu. Mkadam akainua fimbo zake na kuhesabu kuingia "Kete". Miraji akaweka kidole kwenye uzi, na kidole hakikwenda.

"Siwezi," akasema.

"Sauti imekukauka?" Khairiya akauliza.

"Sauti ipo. Wimbo ndio siuwezi." Akawageukia, na akawaeleza yote, ubeti wa pili, tumbo, Malindi, mlango, yule mama na friji lake. Alisema haraka haraka, macho chini kwenye waya. "Nikiendelea kuuimba, ipo siku ntagonga mlango ambao hajahama mtu. Mkitaka mwimbaji mwengine, tafuteni. Sitokasirika."

Mkadam akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia la mchele mgongoni, na macho yamemjaa maji.

"Yaa Rabi," akasema. "We unajua mimi nnakaa nyuma yako? Kila tukifika ubeti ule naona shati lako linavyorowa. Napiga huku namwomba Mungu tufike mwisho."

"Mbona hukusema?"

"Nlimkataza mimi," Khairiya akasema. Alikuwa ameshavua gitaa lake. "Tulidhani wimbo ndio unaokushika, Miraji. Kwamba tukikunyang'anya utaanguka. Wallahi mimi nshauchoka tangu Ramadhani iliyopita, nikikuangalia mikono."

Miraji akaketi juu ya spika. Watu watatu, mwaka mzima, kila mmoja akiubeba wimbo kwa ajili ya mwenzake.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, ngome ilijaa. Wimbo wa tatu tu, watu wakaanza kupiga kelele, "Kete! Kete!" Khairiya akasogea kwenye maikrofoni.

"Kete haipigwi leo, wala kesho," akasema. "Aliyeitunga huyu hapa, mzima, na sisi tunamtaka abaki hivyo. Tutakupigieni nyengine."

Wengine waliguna. Kundi moja la vijana likanyanyuka na kutoka. Kijana mmoja wa mbele, mwembamba, akapiga makofi peke yake, na wengine wakamfuata. Matumbawe wakapiga wimbo mpya unaomhusu mteja wa hoteli anayelala kiyoyozi kikiwaka huku dirisha limefunguliwa, na Miraji akasahau maneno ya ubeti mzima, akaimba "la la la" badala yake, na watu wakaimba naye. Mdomoni mwake hamkuwa na ladha yoyote ila kiu ya maji.

Alifika nyumbani wakati wa magharibi. Mama yake alikuwa keshasikia. Habari mjini haingoji mtu.

"Eti mmeacha kuupiga?"

"Naam, mama. Unaniumiza."

Bi Mwanakheir akamshika shavu kama anayepima homa.

"Basi uende zake," akasema. "Ila na mimi nimeuhifadhi wote, ungeniambia mapema. Njoo ule, muhogo unapoa."

Akala sahani mbili. Kabla ya adhana ya isha alikuwa amelala kwenye mkeka, viatu vyake miguuni, na mama yake akamvua kimoja kimoja asimwamshe.