Kipenga cha Gadi Gebeyehu

Pale Dire Dawa, mji wa reli Ethiopia, kuna baa iliyopambwa kama behewa, na kokteli ikiwa tayari mhudumu hupuliza kipenga. Mzee Gebeyehu, gadi wa treni miaka thelathini, jioni moja alishindwa kuvumilia.

"Wewe bwana, unaita abiria au kuku?"

"Baba, kaa chini!" binti yake Zenebech alinong'ona. Wakwe zake wapya walikuwa mezani hapohapo. Alitamani ardhi immeze.

"Haya mzee, tuoneshe," mhudumu akacheka, akampa kipenga.

Gebeyehu akavuta koti likanyooka. Akapuliza mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja ndefu. Jamani! Wazee wote mle ndani walisimama ghafla, hata mama mkwe, mkoba tayari kwapani.

"Kipenga hiki nakijua!" akasema. "Kilinipeleka kwa mume wangu!"

"Huyo ni baba yangu," Zenebech akatangaza, hadi watu wa kaunta wakasikia.