Kikohozi cha Bi Mwajabu

Usiku wa jana niliota nimekaa sakafuni, hedifoni shingoni, naingiza nyimbo kwenye kompyuta, wimbo mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ileile niliyokuwa nikiifanya usingizi uliponichukua. Ndoto haikunipa hata nafasi ya kunyoosha mgongo.

Nieleze kwanza. Jumamosi hii bibi yangu, Bi Mwantumu wa Ngamiani, anaolewa. Bwana harusi ni Mzee Kaoneka, dereva wa treni mstaafu, mtu mpole, ana meno yake yote. Ndugu walipopendekeza aitwe DJ mwenye jina, bibi alikataa.

"Mume ninaye ndani," alisema. "Nikatafute wa nje wa nini?"

Mume huyo ni mimi, Mbaruku. Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe, kama mabibi wengine wanavyowatania wajukuu zao, nami namwita mke wangu. Kwa hiyo napiga muziki kwenye harusi ya mke wangu na mwanamume mwingine. Kazi yangu hasa ni kutengeneza friji. Programu ya muziki nimejifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kutazama kitakachotokea.

Bibi hana masharti mengi. Ana moja. Anataka kuingia ukumbini kwa wimbo wa mduara ambao mdogo wake, marehemu Bi Mwajabu, aliurekodi nyumbani kwenye kaseti, nami nimeuhamishia kwenye kompyuta. Kaseti inaanza na kimya, kisha Bi Mwajabu anakohoa, kisha anasema "Haya," ndipo ngoma zinaingia.

"Goti langu halisikii ngoma," bibi aliniambia. "Linasikia kile kikohozi. Mwajabu asipokohoa, siingii. Nitaolewa mlangoni."

Tatizo ni programu. Kila wimbo unaoingizwa, yenyewe inatafuta mahali inapodhani muziki unaanzia, na hapo inachomeka kibendera chekundu. Ukibonyeza, wimbo unaanzia kwenye kibendera. Kwa wimbo wa Bi Mwajabu imekichomeka kwenye pigo la kwanza la ngoma. Kimya, kikohozi na "Haya" vimebaki nyuma ya kibendera, na kibendera hakisogei. Nilikivuta jioni nzima. Nikalala nikikivuta.

Basi ndotoni nakivuta vilevile.

"Utakivunja," inasema sauti.

Natazama kioo cha kompyuta. Pale ambapo programu huwa na deki mbili za kuchezea nyimbo, moja kushoto na moja kulia, wamekaa wanawake wawili juu ya mikeka, kila mmoja anazungusha sahani ya santuri kwa kidole kimoja. Mwenye sauti ni Deki ya Kushoto.

"Wewe ndiye fundi friji?"

"Ndiye."

"Mwambie huyo mwenzangu amalize wimbo wake. Zamu yangu imefika."

"Si huyo hapo? Anakusikia."

"Sisemi naye."

"Mwambie nimesikia," anasema Deki ya Kulia.

Ndipo naelewa kwamba ni wake wenza. Katikati yao, pale penye kile kitelezi cha kuhamisha sauti kutoka deki moja kwenda nyingine, anatembea mzee mwenye kanzu iliyofifia na kandambili zilizolika upande mmoja. Ndiye mume wao. Uso wake ni wa mtu aliyekwenda kulia na kushoto maisha yake yote.

"Mwanangu," ananiambia, "ukinisukuma, nisukume taratibu. Ukinirusha ghafla, ukumbi mzima unajua kwangu kuna ugomvi."

"Na nikikuacha katikati?"

"Hapo wanasema wote wawili kwa pamoja."

Mimi siamini kitu mpaka nimekijaribu. Namwacha katikati. Wanasema wote wawili kwa pamoja. Namrudisha kushoto, taratibu, naomba radhi.

"Wote hujaribu," anasema.

Nampa Deki ya Kushoto wimbo wa Bi Mwajabu. Anaunusa. "Haujachambuliwa," anasema, na papo hapo chumba changu ni ua wa nyumba, jua la alasiri linawaka, na mbele yangu kuna mwanamume mwenye tai shingoni, amechuchumaa na ungo. Anaitwa Mchambuzi. Nalijua jina lake kwa namna mambo yanavyojulikana ndotoni. Anaumwaga wimbo kwenye ungo, anaupepeta, anaanza kutoa chuya na mawe.

"Kimya," anasema, anatupa kitu nyuma ya bega.

"Hicho ni cha kwetu," nasema.

"Kikohozi." Anakishika kwa ncha za vidole, anakitazama dhidi ya jua. "Hiki si muziki."

"Bibi yangu anakihitaji."

"Bibi yako ana mapigo mangapi kwa dakika?"

"Sijampima."

"Ndiyo maana harusi zenu zinachelewa," anasema, na anakirusha kikohozi juu ya ukuta. Nakisikia kikianguka upande wa pili. Kinakohoa.

Nataka kupanda ukuta, lakini ukuta ni meza yenye kitambaa cha dhahabu, na juu ya meza ni kompyuta yangu, na mbele ya meza ni ukumbi uliojaa watu. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," anasema, "bibi harusi anaingia."

Nabonyeza. Ngoma zinaanza, nzuri, safi, bila jiwe hata moja. Wageni wanageukia mlango.

Bi Mwantumu amesimama mlangoni, gauni la zambarau, hina mpaka kwenye viwiko. Ameinua mguu wa kulia. Haushushi. Ngoma zinapita chini ya mguu wake kama maji. Wimbo unakwisha, naurudia. Mguu uko juu.

"Bibi harusi bado anaingia," anasema mshereheshaji.

Wageni wanapiga makofi ya adabu. Shangazi mmoja anatandika khanga sakafuni, anajilaza. Wapishi wanatoka jikoni kutazama mguu, wanarudi jikoni kupunguza moto.

Upande wa jukwaa inapigwa honi. Ni Mzee Kaoneka, amekuja na kichwa cha treni. Amekiegesha pembeni ya keki, ameegemeza kiwiko dirishani, suti yake imepigwa pasi.

"Wewe ndiye mume mwenzangu?" ananiuliza.

"Ndiye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nikwambie kitu cha kazini kwetu. Treni ikisimama muda mrefu nje ya stesheni, abiria wanaanza kushuka. Wakishashuka, huwapati tena. Wananunua machungwa, wanasahau safari."

"Naelewa."

"Huyu nimemsubiri muda mrefu. Sitaki ashukie njiani. Fanya yako, mwenzangu. Mimi yangu inaanza akishaingia."

Bibi ananiita kutoka mlangoni, haongezi sauti.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Mwajabu yuko wapi?"

"Nje. Amechambuliwa."

"Kamlete. Mguu huu si bendera ya taifa, hauwezi kukaa juu mpaka magharibi."

Nje ya ukumbi ni karakana yangu. Friji zimepangwa kama nilivyoziacha, kila moja na kipande cha karatasi chenye ugonjwa wake. Ile ya mwisho mlango uko wazi, na ndani, kwenye rafu ya mboga, amekaa Kikohozi. Ana ukubwa wa kuku. Amejifunika khanga ya Bi Mwajabu, ile ya korosho nyekundu ambayo tuligombania arobaini ilipokwisha, na ambayo hakuna aliyekiri kuichukua.

"Kumbe unayo wewe," nasema.

"Kho," anasema Kikohozi. "Kulikuwa na baridi."

"Umekaa ndani ya friji."

"Sijasema baridi ilikwisha."

Nachuchumaa. Namweleza habari ya bibi, mguu, wapishi na treni. Ananisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimeambiwa si muziki," anasema. "Kho. Miaka yote naanza mimi, ndipo ngoma zinafuata. Leo linakuja jitu na tai, linanitupa kama jiwe la mchele. Sirudi."

"Mchambuzi haamui. Ni programu tu."

"Basi nani anaamua?"

Naushika mlango wa friji usijifunge.

"Tena koo linawasha," anaendelea. "Unafikiri ni raha, kukohoa kikohozi kilekile kila kaseti inapowekwa, na hakuna siku hata moja mtu ameniuliza, Mwajabu, pole, unaumwa?"

"Pole," nasema. "Unaumwa?"

Anaivuta khanga mabegani.

"Kidogo," anasema.

Najipapasa. Kwenye mfuko wa shati kuna pipi ya kifua, nilinunua juzi kwa ajili ya vumbi la karakana. Nampa. Anaifungua, anaitia mdomoni, na ile karatasi yake anaisokota, anaikunja mara mbili, anaifunga fundo. Bi Mwajabu alikuwa haachi karatasi ilale bure. Ya pipi, ya sukari, ya chumvi, zote alizifunga fundo, na baada ya mazishi tulikuta mafundo kwenye kila mfuko.

"Shika," anasema, ananirudishia karatasi. "Usitupe ovyo. Sasa niambie, kibendera umekivuta?"

"Jioni nzima. Hakisogei."

"Na kufuli juu yake umeliona?"

"Nililiona. Nilidhani ni pambo."

Kikohozi anahamishia pipi shavu la pili, kwa heshima nadhani.

"Friji ya mtu ikiwa imefungwa kwa kufuli," anasema, "wewe fundi huwa unavuta mlango?"

"Hapana. Naomba ufunguo."

"Basi gusa kufuli kwanza. Likifunguka, shika kibendera, kirudishe nyuma mpaka mwanzo wa kimya, kisha ufunge tena. Programu haitakugusa. Inaheshimu aliyefunga wa mwisho."

"Ni hivyo tu?"

"Ulitaka uchinje?"

Namchukua kwapani. Ni mwepesi na ana joto. Mlangoni bibi yuko vilevile, mguu juu, na shangazi mwingine amemletea kiti ambacho amekikataa. Tunapomfikia, wanatazamana, bibi na kikohozi cha mdogo wake. Bibi anakiweka sawa kitambaa cha kichwani.

Mchambuzi amesimama mbele ya meza yangu na ungo kifuani.

"Una kibali cha kuingiza kelele?"

"Sina," nasema. Nanyoosha kidole nyuma ya tai yake, nagusa kufuli. Linafunguka kwa mlio mdogo. Mchambuzi anatazama ungo wake, ambao sasa ni sinia la biriani, naye, kwa kuwa amelishika tayari, anaanza kugawa.

Kibendera ni kizito. Nakivuta, kinakuja kidogo, kinagoma. Wake wenza wananitazama, kisha wanainuka kwenye mikeka yao, kila mmoja anashika upande wake.

"Mwambie avute," anasema Deki ya Kushoto.

"Mwambie navuta," anasema Deki ya Kulia. "Mwambie na yeye aache kusukuma."

Mume wao anahesabu pumzi pembeni. Kibendera kinapita "Haya." Kinapita mahali pa kikohozi, ambapo pameachwa shimo la ukubwa wa kuku, na Kikohozi anaruka kutoka kwapani mwangu, anaingia shimoni mwake, anajivutia khanga. Kibendera kinaingia kwenye kimya. Kimya ni korido ndefu, haina taa, inanuka karafuu. Mwisho wa korido nakichomeka. Nagusa kufuli. Linafunga.

Nabonyeza.

Kimya kinaanza kupiga ukumbini kwa sauti kubwa sana. Vijiko vinasimama. Shangazi aliyelala anafumbua macho. Mshereheshaji hawezi kuvumilia kimya, kazi yake haimruhusu. Anainua kipaza sauti, na Mzee Kaoneka, bila kushuka kwenye treni, ananyoosha bendera yake nyekundu ya reli na kumfunika nayo mdomo.

Mguu wa bibi unatetemeka hewani.

Nasikia, ndani kabisa ya spika, mtu akivuta pumzi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shavu langu lilikuwa juu ya kompyuta, na hedifoni zilikuwa zimenikaba kidogo. Uani maji yalikuwa yanamwagwa. Bibi hulowesha ua kabla ya kufagia.

Nilitazama kioo. Wimbo wa Bi Mwajabu ulikuwa umefunguliwa, na kibendera chekundu kilikuwa mwanzo kabisa, nyuma ya kimya. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Sikutaka kuhukumu haraka. Shavu ni kitu kizito, linaweza kubonyeza mengi kwa usiku mmoja. Nikatia mkono mfukoni mwa shati nitafute pipi yangu ya kifua. Haikuwamo. Ilikuwamo karatasi yake, imesokotwa, imekunjwa, imefungwa fundo.

Hata hiyo nikaipa nafasi. Mtu anaweza kula pipi usingizini. Kufunga fundo la namna ile sijui, lakini sijui mambo mengi ambayo huenda mikono yangu inayajua.

Nikachomoa hedifoni, nikaunganisha spika, nikabonyeza.

Kimya. Kisha kikohozi, kilekile, wala hakikupungua. Kisha, kabla ya "Haya," kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye kaseti ile: kitu kidogo kigumu kikigonga jino.

"Haya," akasema Bi Mwajabu, shavu limejaa. Ngoma zikaingia.

Uani ufagio ulisimama. Nyayo zikaja, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa mduara, goti likilalamika kidogo tu, mpaka mlangoni kwangu. Bibi alisimama pale na ufagio, akasubiri wimbo uishe.

"Mume wangu," akasema.

"Naam, mke wangu."

"Ndiye huyo. Hapo mguu umekwenda wenyewe."

"Alhamdulillahi."

Hakuondoka. Alikuwa anautazama mfuko wa shati langu.

"Ila nani kampa pipi?"

Nilimwambia kwamba nyimbo za kukata keki bado sijazigusa, wala za kutokea ukumbini, na kwamba nitazipanga kesho asubuhi, si usiku.