Boti ya Kumtosha Ismaili

Ismaili wa Kivinje aliumbwa akaumbika. Alikuwa pande la mtu, mlango anauingia kwa ubavu, na ukimpa kigoda anakuuliza kwanza kama una kingine. Mkono wake kwenye mshipi ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale pwani. Samaki akigusa chambo tu, yeye keshajua kama ni changu au ni tewa. Lakini mkono huo baharini haufiki. Mtumbwi ulizama naye. Ngalawa, ambayo haipinduki ovyo, ilimbana makalio hata kugeuka hawezi, na manahodha wakamwambia kwa adabu, “Kaka, ukikaa wewe, samaki tutawaweka wapi?” Basi akabaki nchi kavu akishona nyavu za wenzake, na mkewe Mwanaima akawa anamwona akiitazama bahari kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa.

Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga virago kule Nachingwea, vitu vyao vingi viliuzwa Lindi. Habari zikafika Kivinje kwamba mfanyabiashara mmoja, Tawakali, ana boti tatu ndogo za uvuvi, za alumini, madini yale yale ya sufuria. Mwanaima akauza korosho zake zote.

“Twende, baba Biasha,” alisema. “Tuna uwezo wa boti moja, wa ya pili hatuna. Ama upate chombo, ama uache kuitazama bahari, maana mimi nimechoka kukutazama ukiitazama.”

Walipanda lori. Kiranjeranje akapanda Laurenti, mkulima wa ufuta na mtani wao tangu enzi za mababu. Na mtani ni mtani: akikutukana hukasiriki, akikutwalia kitu humshtaki, nawe una haki hiyo hiyo juu yake. Aliposikia safari yao aliapa haachi kuona.

“Boti ya sufuria!” alicheka njia nzima. “Mtani, wewe ndiye utakuwa kitoweo!”

Lindi walizikuta boti zimelala mchangani, maji yamekupwa mbali. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ina mstari mwekundu ubavuni, imechongoka kama kolekole. Ya pili ilikuwa fupi kama chano. Ya tatu ilikuwa pana, chini bapa, mbavu zimenyanyuka juu, imebonyea huku na huku kama sufuria la matanga.

Tawakali alimpeleka moja kwa moja kwenye ile nyembamba. “Ingia, bwana. Jionee.”

Ismaili akaingia, akakaa, akajitikisa. Boti haikusogea. Watu wakashangilia, na Tawakali akasema, “Imekukaa kama kanzu ya Idi! Toa pesa, wapo wengine wanaitaka.”

Mwanaima aliona mkono wa mumewe ukiupapasa ule mstari mwekundu, akahofu. Alijua anavyopenda kitu kizuri. Lakini Ismaili alishuka polepole, akapangusa mchanga.

“Bwana Tawakali, hapa inashikwa na mchanga. Hata kitanda changu hakipinduki. Tungoje maji.”

“Maji? Yatachelewa!”

“Nimeyangoja tangu ujana. Nitayangoja na leo.”

Akakaa chini, akangoja. Mwanaima alikaa kando yake, na moyoni akamsifu mume wake. Wangapi wangeona haya ya watu, wakanunua ili waondoke?

Maji yalipojaa, Ismaili alitia mguu mmoja kwenye ile nzuri. Ikalala ubavu. Alipotia wa pili ikamwaga mzigo wake, chubwi! Pwani nzima ikaangua kicheko.

“Jamani, kimbieni, bahari inafurika!” Laurenti alipiga kelele.

Ismaili aliibuka anatiririka, na yeye anacheka. “Hii ni ya mtu mwenye njaa,” alisema. “Leteni nyingine.”

Ile fupi ilimpokea, ila ukingo wake ulikaribia kunywa maji. Akaikataa. Akaingia ile pana.

“Kaa tezi, huku nyuma, ndiko kwa nahodha,” Tawakali alielekeza. Alipokaa tezi, omo kule mbele ikanyanyuka kama pua ya mtu mwenye kiburi. Ismaili akahamia ubao wa katikati, boti ikatulia. Mwanaima aliingia maji hadi magotini, akapima kwa mkono ubavu uliobaki juu ya maji. Shubiri nzima, na zaidi.

“Kukaa si kuvua,” Ismaili alisema. “Sijui nikiinuka kuvuta, tena na mwenzangu ndani. Nani ataingia?”

Mwanaima akageuka, akamnyang'anya Laurenti kofia yake, akaitupa ndani ya boti. “Mtani, kofia yako ile. Ifuate.”

“Mama Biasha! Mimi sijui kuogelea!”

“Na sufuria huzijui? Umekula kwenye za kwangu miaka yote.”

Mtani hana pa kushtaki. Laurenti akaingia akimwita Maria Mtakatifu, akaukumbatia ubao. Ismaili akapiga makasia hadi penye kina, akatupa nanga. Kisha akasimama, wote wamwone, akaegemea ukingo mmoja na uzito wake wote, akaivuta. Boti ikainama, ikainama, Laurenti akafumba macho. Halafu ikakataa. Ilisimama pale pale ilipoinama, kama ng'ombe anayekamuliwa.

“Hii!” Ismaili alisema.

Mwanaima alimlipa Tawakali bila kugeuza uso kutoka baharini. Alikuwa hajapata kumwona mumewe akiwa wa kadiri yake: mchangani alikuwa mkubwa mno kwa kila kitu, na pale majini alikuwa sawasawa.

“Nirudishe nchi kavu!” Laurenti alilia.

“Kaa kimya, mtani, unafukuza samaki,” Ismaili alimjibu. Alikuwa keshautoa mshipi wake mfukoni na kuuteremsha.