Shuka la Wifi

Fundi cherehani alikuwa ameugua utumbo miaka tisa, mpaka asubuhi moja mkasi ukamdondoka na mkono wa kulia ukalala. Daktari akaeleza: ugonjwa wa utumbo umeivimbisha mishipa ya damu kichwani, ndipo kiharusi kikaja.

"Tumbo na kichwa wapi na wapi?" wifi yake akaguna.

"Ukivuta uzi wa pindo, kola inajikunja," fundi akamjibu.

Aliporudi nyumbani alikuta wifi ameifunika cherehani gubigubi kwa shuka jeupe.

"Nani kafa humu?"

"Pumzika, wifi. Kushona ndiyo basi tena."

Fundi akalivuta shuka, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga cherehani huku akiliongoza shuka kwa mkono wa kushoto. Mshono ukaenda kombo. Akafumua, akarudia.

"Asante kwa kitambaa," akasema. "Ijumaa njoo ujaribu gauni."